Mlango Wenye Jina la Kabura

Watu wanaoleta magari pale Ruring'u, kandokando ya mji wa Nyeri, wana swali moja ambalo Ngendo amelichoka kuliko anavyoichoka baridi ya Julai. Wanateremka, wanamwona ana mashine ya kupiga polishi mkononi na aproni iliyojaa madoa, halafu wanaangaza macho huku na huku na kuuliza, "Fundi yuko wapi?"

"Alienda," Ngendo huwajibu. "Nimebaki mimi."

Wengine hucheka, wengine huona haya, na wapo wanaorudi garini wakaondoka zao. Hao hawamnyimi usingizi. Kazi alianzia Sagana, kwenye gereji ya rangi, na kazi yenyewe ilikuwa kufuta vumbi kwa kitambaa wanaume wakishamaliza mambo ya maana. Mwenye gereji alikuwa ameamua kwamba mkono wa mwanamke umeumbiwa kitambaa. Ngendo akafuta, na huku akifuta akawa anatazama. Asubuhi moja fundi wa mashine hakutokea, na wote walijua alilala wapi na kwa sababu gani, naye Ngendo akaichukua mashine bila kumwomba mtu ruhusa, akaipiga boneti ya gari la mteja mpaka mawingu yakaonekana ndani yake. Alifukuzwa papo hapo. Leo ana kibanda chake cha mabati na mashine yake mwenyewe, ana kidole gumba cha kulia kilichokufa ganzi kwa kutetemeshwa miaka yote hiyo, na hakuna anayempangia ashike nini.

Basi Jumatano moja mdogo wake akaingia pale na pikapu ya mama yao.

Mdogo wake ni Simeon, mtu wa ofisi huko Nairobi. Jumamosi hiyo alikuwa anakwenda Sagana kwa ruracio, kupeleka mahari kwa wazazi wa Anita, mchumba wake. Pikapu yenyewe ilikuwa Datsun ya zamani, nyekundu, ambayo mama yao, Kabura, aliiendesha miaka nenda miaka rudi akipeleka kabeji na waru, yaani viazi, sokoni kutoka Endarasha. Mama alipofariki, wazee wa ukoo walikaa, wakanywa chai, wakaamua gari liende kwa mtoto wa kiume. Ngendo alipewa masufuria. Siku hiyo alisema yote yaliyokuwa moyoni mwake mpaka chai ya wazee ikapoa, na bado alirudi nyumbani na masufuria.

"Nataka ikae mpya, siste," Simeon alisema akiizunguka pikapu. "Hizi ndio watu wanatafuta saa hii. Vinteji. Hii ndio itaongoza msafara."

Kusema kweli Ngendo alifurahi. Aliweka kiganja juu ya boneti akakivuta taratibu. Wekundu ulikuwa umepauka ukafanana na ufizi, na kiganja kilipoinuka kilikuwa na unga mwekundu kama cha mtu aliyeshika tofali.

"Itarudi," alisema. "Haiwezi kuwa mpya, lakini itarudi."

"Na hizi maandishi zitoke."

Kwenye milango yote miwili, kwa herufi nyeupe za brashi, paliandikwa: KABURA, KABEJI NA WARU, ENDARASHA.

"Zitoke ziende wapi?" Ngendo akauliza.

"Ngendo, wale watu wako na malori. Wako na nyumba ya ghorofa. Sitaki tufike kwa lango na mlango inaongea mambo ya kabeji. Wataona tulikuwa watu wa kabeji."

"Tulikuwa watu wa kabeji."

"Tulikuwa," Simeon alisema. "Hiyo ndio nasema. Tulikuwa."

Ngendo alifuta kiganja chake kwenye aproni. Alijua maneno hayo yanatoka wapi. Simeon alipokuwa shule ya bweni, mama alimpeleka kila muhula akiwa amekalia magunia nyuma ya pikapu hiyo, na wavulana wenzake wakambatiza jina la Kabeji. Jina lilimganda mpaka siku aliyomaliza shule. Ngendo alimwelewa vizuri kabisa, na bado mkono ulimwasha kwa kutaka kumzaba kofi.

"Nitapiga polishi gari yote," alimwambia. "Maandishi sigusi."

"Gari ni yangu. Logbuku iko na jina yangu."

"Na mlango iko na ya mama."

Simeon alisonya, akaacha ufunguo juu ya boneti, akaenda zake kwa fundi cherehani kupimwa koti.

Yale maandishi yana habari yake. Mchoraji wa vibao aliyeyaandika alikuwa wa Mweiga, na mara ya kwanza hakuuliza mtu. Aliandika WAMAE, jina la baba yao, kwa vile kwa akili yake gari haliwezi kuwa la mtu mwingine ndani ya boma lenye mwanamume. Kabura alirudi kutoka sokoni akalitazama jina hilo kwa muda, halafu akamuuliza mchoraji kama Wamae ndiye anayeamka alfajiri kukata kabeji zikiwa na barafu. Akampa kitambaa chenye petroli alifute mwenyewe. Baba yao alikuwa amesimama hapo hapo, mikono mifukoni, akicheka mpaka akakohoa, maana kuendesha gari kwenyewe hakujua na hakutaka kujua. Kuanzia siku hiyo wanaume wa Kieni, nyanda za kwao Endarasha, waliokutana na pikapu hiyo njiani walipiga kelele kwamba gari la mwanamke linapita, na Kabura aliwapigia honi ndefu wakati wa kupita na ndefu zaidi wakati wa kurudi.

Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala uwanjani Ngendo alipoliosha gari mara mbili na kuanza kazi. Hakugusa mwili wa gari kwanza. Alianza na mlango wa nyuma, ule wa kushushia mizigo, ambao ulikuwa umegongwa na kila kitu duniani, akaugawa sehemu tatu kwa mkanda wa karatasi. Alikuwa na polishi tatu, zote za hatua moja, yaani zile zinazokata uchafu na mikwaruzo midogo kisha zikaacha nta ya kulinda rangi kwa mpigo huo huo. Kila muuzaji huapa kwamba yake ndiyo yenyewe. Ngendo hana muda na viapo vya wauzaji, na kila gari kwake ni mtihani mpya, hasa gari la zamani.

Ya chupa nyeupe ilimpendeza haraka mno. Aliipiga kidogo tu na mlango ukawaka. Akachovya kitambaa kwenye spiriti, akafuta mara moja, na ule upaukaji wote ukarudi ukiwa umekaa palepale. Yalikuwa mafuta tu. Polishi hiyo ilikuwa imeificha mikwaruzo kama mtu anayefagia uchafu chini ya zulia.

"Mwongo," Ngendo aliiambia chupa, akaiweka kando.

Ya kopo jeusi ilikuwa na nguvu za kweli. Ilikata upaukaji wote, na mikwaruzo pia ikaondoka, lakini ilikauka upesi, ikatoa vumbi jeupe, ikaacha ukungu hafifu ambao ungehitaji polishi ya pili kuumaliza. Juu ya hayo sponji ilirudi nyekundu sana. Rangi za zamani hazina klia, ule utando wa juu usio na rangi unaofunika rangi za magari ya siku hizi. Kwa hiyo kila unachokata ni rangi yenyewe, na pikapu ile ilikuwa imepigwa jua la Kieni mpaka rangi iliyobaki haikuwa ya kuchezea.

Ya chupa ya kijani ilikuwa mvivu. Ilitaka muda, na mikwaruzo mirefu iliiacha ilivyo. Lakini Ngendo alipofuta kwa spiriti, wekundu haukurudi nyuma. Ulibaki mzito, wa ndani, kama ule aliokuwa akiuona akiwa mtoto anapokimbia kufungua lango. Aliichagua hiyo.

Akaanza na paa. Aliloanisha sponji kidogo, akaweka matone machache, akayapaka kwa sponji kabla ya kuwasha mashine ili yasimrukie usoni. Mashine yake haizunguki tu, inazunguka huku ikitikisika, na ndiyo sababu haiunguzi rangi kirahisi. Aliiacha ikalie uzito wake yenyewe. Watu wengi huegemea mashine wakidhani nguvu ndiyo kazi, na wakishaegemea, sponji inaacha kuzunguka na wanabaki kuikanda rangi bure. Ngendo aliisogeza polepole kama anayepiga pasi shati la shule, kila mstari ukipanda nusu ya mstari uliotangulia, kwanza kwenda na kurudi, kisha kukatiza. Kila alipomaliza kipande aliisugua sponji kwa brashi, maana sponji iliyojaa rangi ya zamani inageuka msasa. Kwenye kingo, ambako rangi huwa nyembamba, alibandika mkanda.

Jioni Simeon alipita kuona. Paa, boneti na madigadi vilikuwa vinawaka. Lakini hakuangalia hapo. Aliangalia milango, ambayo ilikuwa haijaguswa na maandishi yake yapo, kisha akaona sponji nyekundu zimetapakaa mezani.

"Unatoa rangi!"

"Inatoka ile imekufa," Ngendo akamwambia. "Ile hai iko chini."

"Na hizi mikwaruzo mbona ziko bado?"

"Hizo zikitoka, na rangi itatoka nazo. Wacha zikae. Hii gari imefanya kazi, ati ionekane haijawahi toka nyumbani?"

Simeon hakumwamini. Kwa macho yake dada yake alikuwa anaimaliza gari kwa ukaidi, na maandishi ameyaacha makusudi. Aliondoka bila kuaga.

Ijumaa Ngendo alishuka mjini kutafuta sponji safi za kumalizia milango. Alikuwa anarudi, bado yuko ng'ambo ya barabara, aliposikia sauti ya mashine ambayo si yake. Yake huguna. Hii ilikuwa inapiga yowe. Alivuka barabara bila kutazama magari.

Kibandani mwake alikuwamo Waweru, anayeng'arisha magari ya kuuzwa huko Nanyuki, na mashine ya mzunguko mtupu, ile inayozunguka mahali pamoja kama jiwe la kunolea, imevishwa manyoya ya kondoo na kupakwa kompaundi kali ya kukwangua. Simeon alikuwa amesimama nyuma yake. Mlango wa kushoto ulikuwa umeshapigwa. Jina la mama halikuwapo, kabeji hazikuwapo, Endarasha haikuwapo. Mlango ulikuwa unang'aa kuliko kitu chochote Ngendo alichokifanya kwenye gari lile, na katikati yake, kwenye ule mkunjo wa bati, ulipita mstari wa kijivu mrefu wa praima, ile rangi ya msingi. Rangi ilikuwa imeisha.

Waweru alizima mashine. Alikuwa anajikuna kichwa.

"Nilidhani iko na klia, anti," alisema. "Huyu hakuniambia ni rangi ya kitambo."

Ngendo alipitisha vidole pale palipokuwa na herufi. Palikuwa laini, pana joto. Alilia. Alilia mbele yao wote wawili kwa sauti, na hakuona haya hata kidogo.

"Itawekwa stika," Simeon alisema. "Hakuna mtu ataona." Kisha, labda kwa sababu hakujua kingine cha kufanya, akamwonyesha Waweru upande wa pili. "Maliza ile ingine."

Ngendo alizunguka gari mbio akaupa mgongo ule mlango wa kulia, akatandaza mikono pande zote mbili.

"Haya, washa," alimwambia Waweru. "Lakini anza na mimi. Ukinimaliza, endelea na mlango."

Waweru alimtazama yeye, akamtazama Simeon, akaenda ukutani akachomoa waya wake.

"Buda, mimi siingilii mambo ya mama ya mtu," alimwambia Simeon. Alikunja waya, akachukua mashine yake. Alipofika mlangoni mwa kibanda alirudi hatua moja, akasema, "Pole, anti," kisha akaenda.

Wakabaki ndugu wawili na gari.

"Ni siku yangu, Ngendo," Simeon alisema. "Moja tu. Siwezi pata siku moja bila hiyo kabeji?"

"Ulikula hiyo kabeji. Ulivaa hiyo kabeji. Hata huyo Anita, ulikutana na yeye chuo, na chuo ulipelekwa na nani?" Ngendo alijifuta uso kwa aproni akauacha na michirizi myekundu. "Ukitaka kufuta mama, toa mwenyewe. Chukua kitambaa, tia petroli, simama hapa mbele yangu ufute. Usilete mtu."

Simeon aliutazama mlango. Mikono yake haikutoka mifukoni.

"Basi," Ngendo akasema. Alichukua ufunguo kwenye meza. "Na kesho naendesha mimi."

"Wewe? Kwa ruracio yangu?"

"Wakati wa mama hii gari iliendeshwa na mwanaume gani?"

Simeon alizunguka gari mpaka upande wa kushoto. Aliutazama tena ule mstari wa kijivu, akatikisa kichwa, akatoka.

Mlango wa kulia Ngendo aliufanya peke yake. Uwanja mwekundu unaozunguka herufi aliupiga kwa mashine, kasi ya chini, polishi ya kijani, akiinua kila baada ya muda kuhisi joto la bati. Herufi zenyewe aliziziba kwa mkanda mpaka alipomaliza, kisha akaufungua akazifanya kwa mkono. Alivisha kitambaa laini kwenye kidole cha mkono wa kushoto, kwa sababu gumba la kulia halihisi tena kitu, akagusa tone la polishi, akazunguka ndani ya K taratibu, halafu A, halafu B. Uchafu wa njano ukatoka, weupe ukajitokeza. Hakusugua. Zilikuwa herufi za brashi ya mtu, unene wake haulingani, na pale penye R mchoraji alikuwa ametetemeka kidogo. Ngendo alicheka peke yake alipokumbuka nani alikuwa amesimama nyuma ya mchoraji yule.

Mlango wa kushoto hakuufanya kitu. Aliupaka nta tu pale penye kijivu ili usishike kutu, akauacha na aibu yake.

Jumamosi msafara ulitoka Nyeri, ukapita Karatina na kuteremka Sagana. Ngendo alikuwa mbele kwenye pikapu, amevaa kitenge na kilemba, na wanawake wa upande wao walikuwa nyuma kwenye magari mengine wakiimba tangu barabarani. Simeon alipanda gari la rafiki yake, la pili. Alikuwa ameshamtumia Ngendo ujumbe kwamba asimamishe pikapu mbali na lango, ielekezane nalo uso kwa uso, watu waone boneti tu.

Walipofika, lango lilikuwa limefungwa kama desturi inavyotaka. Wanawake wa kwao Anita walijipanga ndani nyuma ya vyuma, leso mabegani, wakaanza kuimba wakiwauliza wageni ni kina nani, wametoka wapi, ni watu wa nani hata wakaja kubisha kwa kina mtu. Wanawake wa Endarasha walishuka wakajibu kwa wimbo kwamba wametoka mbali na wamechoka, wafunguliwe. Wa ndani wakakataa kwa vigelegele. Wakauliza tena: watu wa nani?

Simeon alishuka akilinyoosha koti lake jipya, akawasogelea wanawake wa upande wake. "Waambieni watu wa Wamae," aliwanong'oneza. "Wa Wamae, inatosha."

Wanawake wakatazamana. Wengi wao walikuwa wamefunga magunia ya kabeji pamoja na Kabura. Mmoja aligeuka kumtafuta Ngendo kwa macho.

Ngendo alitia gia ya kurudi nyuma. Pikapu ilinguruma, ikageuka, watu wakaruka pembeni wakishika nguo zao, naye akaileta ubavu kwa ubavu na lango mpaka mlango wa kulia ukakaribia vyuma, jua la mchana likiupiga sawasawa. Akazima injini. Wimbo ukakatika pande zote mbili.

"Hatujasikia bado. Nyinyi ni wa nani?" sauti moja ya ndani ikauliza, sasa bila kuimba.

Ngendo alitoa mkono dirishani akaupiga mlango kwa kiganja, chini kidogo ya jina.

"Sisi ni wa Kabura," alisema, na alisema kwa sauti ya kufika mwisho wa boma. "Wa kabeji na waru. Wa Endarasha."

Ndani wanawake wakasogea, wakainama mmoja baada ya mwingine, nyuso zao zikipita ndani ya ule wekundu. Simeon alikuja mbio upande wa pili, ule mtupu wenye mstari wa kijivu, akaingiza kichwa dirishani, jasho likimtoka.

"Ngendo, nakuomba. Toa gari kwa lango."

Ngendo alichomoa ufunguo akautia ndani ya kifua cha gauni lake.

"Wamalize kusoma kwanza," akamwambia.